Pole Mbili za Upoleni

Kaeni vizuri niwape habari za Siajabu. Anayetaka kusimama asimame, anayetaka kunyoosha mgongo anyooshe, ili mradi asinikatize. Nikikatizwa huwa nanuna, na nikinuna habari inaishia hapohapo.

Siajabu binti Machano alikuwa mwamuzi wa netiboli, tena si mwamuzi wa kubahatisha. Filimbi yake ikilia, hata wapita njia walisimama kuangalia wamekosa nini. Halafu akapata saratani ya titi. Akafanyiwa upasuaji, akaondolewa pia tezi za kwapani, akapewa dawa za dripu, akapigwa mionzi, nywele zikaondoka, zikarudi, akapona. Alhamdulillahi. Lakini mkono wa kulia ukaanza kuvimba. Hospitali wakamweleza kwamba zile tezi ndizo zilizokuwa zikipitisha majimaji ya mkono, na sasa yanakosa njia, yanatuama. Wakampa soksi ya mkono, ile ya kubana kutoka kiganjani hadi karibu na bega, wakamfundisha mazoezi. Anza kidogo, wakamwambia, ongeza kidogo, na uusikilize mkono wenyewe. Ukizidi kuwa mzito, punguza. Ukipata joto na wekundu, njoo usingoje. Siajabu akayashika yote, maana alitaka kurudi uwanjani, na mwamuzi asiyeweza kuinua mkono huyo ni mtazamaji tu. Utazamaji ulikuwa haumwingii kabisa.

Basi katika kutembea kwake akafika nchi ya Upoleni. Alifikaje, msiniulize, mimi si mtu wa ramani. Jueni tu kwamba aliingia asubuhi katika mji mkuu uitwao Takia, mkoba mdogo umemning'inia mkono wa kulia, na hakufika mbali.

Askari wawili walimsimamisha. Walikuwa watu wazima, mvi tupu, wamevaa sare zilizojazwa sufi mpaka wanashindwa kuteremsha mikono. Wakainama wote wawili.

"Shikamoo, Mheshimiwa!"

"Marahaba," akajibu Siajabu, akaona haya, kwa sababu umri wao ni wa baba zake.

"Hatukukuamkia wewe," akasema mmoja, amekasirika. "Tumemwamkia Mheshimiwa Mkono. Wewe ni mbebaji. Na tunakukamata kwa kosa la kumtwika Mheshimiwa mkoba."

"Mkono huu ni wangu!"

"Ulikuwa wako ulipokuwa mwembamba. Ukishavimba ni wa taifa."

Wakamchukua, mmoja kwa kiwiko cha kushoto, mwingine nyuma, wanamsukuma mbio kama wamechelewa futari. Siajabu akajikwaa. "Polepole, jamani!" akasema. Hapo wote wawili wakasimama, wakaweka mikono vifuani, wakasema kwa huzuni kubwa, "Asante, tumeshapoa." Halafu wakaendelea kwa mbio zilezile. Akawaambia tena polepole, wakasimama tena, wakamshukuru tena, wakaanza tena kumkokota. Siajabu akasema moyoni, hawa si bure.

Njiani akayaona ya kuona. Kila mwenye mkono uliovimba alikuwa ameshonewa takia, yaani mkono umelazwa juu ya mto wa sufi na mkono wa gauni umeshonwa nao, uzi mnene, sindano ya gunia, hakuna kutoka. Wenye miguu iliyovimba walikaa vibarazani miguu imeshonwa vilevile, na watoto wakipita wanaiamkia. Aliyevimba kidogo alipewa takia la pamba, aliyevimba sana la mahameli. Na kwa kuwa mtu wa mkono mmoja hawezi kujifunga kanga, serikali ilikuwa na Idara ya Kufunga Kanga. Ilikuwepo pia Idara ya Kukuna, yenye foleni ndefu kuliko zote. Raia akiwashwa mgongo anajiandikisha, na mkunaji akifika, kuwashwa kumeshahamia kwingine, basi anaambiwa ajiandikishe upya. Watu walikuwa wapole, wasafi, wakarimu kupita kiasi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na raha.

Siajabu akawekwa nyumbani kwa Bi Kazija kungojea kesi yake. Bi Kazija alikuwa na takia kubwa kuliko yote mtaani, la mahameli ya kijani, limedariziwa kwa uzi wa dhahabu, na watu walikuwa wakipita dirishani kulitazama.

"Shikamoo, Bi Kazija," Siajabu akasema.

Yule mama akageuza uso kuuangalia mkono wake, kisha akamwangalia mgeni. "Umeniamkia mimi?"

"Nimwamkie nani mwingine? Mto?"

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Machozi yakamlengalenga. "Watu wakiingia humu humwamkia huyu hapa kwanza. Wengine husahau kuendelea."

Wakakaa. Siajabu akauangalia ule mkono, vidole vimekakamaa, ngozi imekuwa ngumu. Akauliza kama ulianza hivyo. "Wala," akasema Bi Kazija. "Ulikuwa kama wako. Wakaulaza, ukavimba. Wakaongeza takia, ukavimba zaidi. Ulipovimba kupita wote wakanipa nishani. Mwanangu wa mwisho alikuwa wa kunyonya siku ile waliponishona. Nilimpakatia juu ya mto, mwanangu, kama sinia ya halua. Sasa ana ndevu, na sijawahi kumkumbatia kwa mikono miwili."

"Nani aliyeamua mambo haya?"

Bi Kazija akamweleza. Zamani alikuja tabibu mmoja kutoka nje, Tabibu Mwasiti, mwanamke mwenye mikono ya joto, akawatibu wagonjwa wa saratani wa nchi ile. Siku ya kuondoka watu wakamuuliza, mkono uliovimba tuufanye nini? Akawajibu maneno mawili, akaenda zake, na juu ya maneno hayo wakajenga serikali. Bi Kazija akayatamka kama sheria inavyotaka. "Pole," akasema, akainama, akashusha pumzi ndefu, akatulia mpaka inzi wawili wakapata nafasi ya kugombana dirishani. "Pole."

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo. Pole ya kwanza ya maradhi, ya pili ya mkono. Wakubwa wakasema mtu aliyepewa pole mbili na tabibu mzima akiendelea kufanya kazi, amemvunjia heshima."

Naona mnacheka, mmeshaelewa. Ninyi mmekaa kwenye jamvi mmeshiba! Yeye alikuwa anaingoja sindano ya gunia, na hofu huziba masikio. Asubuhi ilipofika alivaa soksi yake ya mkono kama kawaida, akavuta pumzi za tumboni, akafumba na kufumbua ngumi, akatambaza vidole ukutani kwenda juu mpaka pale vilipofika jana na padogo zaidi. Jirani akamwona. Akapiga yowe lililosikika mpaka mahakamani.

Jaji Mkuu aliitwa Sufiani, mtu mnene mwenye sauti ya usingizi, na aliketi juu ya mito mingi kiasi kwamba kila akikata shauri huanza kuteleza. Ukumbi ulijaa. Bi Kazija aliletwa na takia lake, kwa kuwa mwenyeji ni lazima amsindikize mshtakiwa.

Akasimama Waziri wa Mapumziko. Akaeleza, kwa masikitiko, kwamba mgeni amemtwika Mheshimiwa mkoba, amemvisha soksi ya kubana kama mfungwa, na asubuhi ileile amemtembeza ukutani. "Sisi si wakatili," akasema. "Tunaomba tu Mheshimiwa huyu alazwe daima. Sindano ipo tayari. Ashonwe leo adhuhuri, na mbebaji wake abaki hapa kumtunza maisha yake yote, kwa gharama za serikali, kwa upendo."

Siajabu akaitazama sindano. Maisha yake yote! Uwanja hatauona tena, wala nyumbani, wala kuinua mkono kwa lolote.

"Napinga!" ikasema sauti nyuma. Akasimama bwana mmoja mwenye kifua kama mlango wa ghala, jina lake Gharibu, kiongozi wa Chama cha Jiwe. Siajabu akamshukuru Mungu kwa kumletea mtetezi. Alishukuru mapema.

"Mkono huu haustahili takia," akanguruma Gharibu. "Unastahili jiwe! Pole humwambia nani? Si mtu aliye kazini? Pole na kazi! Tabibu alisema mara mbili kwa sababu kazi ni mbili, kuinua na kuinua tena. Nikabidhini huyu mama, nimpe jiwe la kusagia, anyanyue tangu sasa mpaka uvimbe ukimbie wenyewe!"

Wafuasi wake wakashangilia kwa mkono mmoja mmoja, kwa kuwa mwingine ulikuwa umefungwa bendeji. Chama hicho kilipata wanachama wengi kila asubuhi. Ikifika jioni mikono imeumuka, inauma, basi wanarudi kwenye takia wakilia, na Chama cha Mto, cha watu wa takia, kinasema mnaona.

"Mimi sitaki mto wala jiwe!" Siajabu akapasuka. "Mna nini ninyi? Hakuna kitu cha katikati hapa?"

"Katikati hapana chama," akasema Jaji Sufiani, si kwa ubaya. "Mahakama inafuata maneno ya Tabibu. Swali ni moja tu. Baina ya pole ya kwanza na ya pili, palikuwa na pumzi ya kiasi gani? Kama ndefu, ni pole za rambirambi, basi ashonwe. Kama fupi, ni pole za kazi, basi apewe jiwe."

Hapo wakainuka wataalamu, na mimi sitawachosha kama walivyouchosha ukumbi. Mmoja alithibitisha kwamba pumzi ile ilitosha mtu kumaliza kikombe cha kahawa chungu. Mwenzake akamwita mzushi, akasema ilitosha kukivuvia tu kikombe hicho, si kukimaliza. Wakatukanana kwa Kiswahili kizuri sana. Mwisho Jaji akaamuru mpiga mbiu wa serikali asimame, ayatamke maneno hayo, ayafupishe kila anapoambiwa, mpaka pande zote ziridhike.

"Pole," akasema mpiga mbiu. Watu wakangoja. Mtu mmoja akakohoa. "Pole."

"Fupi zaidi!" wakapiga kelele watu wa Jiwe.

"Pole." Akameza mate. "Pole."

"Zaidi!"

"Pole, pole."

"Zaidi kuliko hapo! Mtu aliye kazini hangoji!"

Mpiga mbiu akachoka, alikuwa mtu mzima na njaa ilishamshika. "Polepole," akasema, akakaa chini.

Siajabu akaruka kutoka kwenye kiti. "Polepole!" akapiga ukelele. "Wallahi, polepole!"

Ukumbi mzima, Jaji na Waziri na Gharibu, wakaweka mikono vifuani. "Asante, tumeshapoa."

"Msipoe! Hebu msipoe kwanza, nisikilizeni!" Akawa anacheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikimtoka, hajali. "Mheshimiwa Jaji, mtu akibeba sufuria ya uji wa moto umejaa pomoni, unamwambiaje?"

"Namwambia taratibu," akasema Jaji.

"Na akiteremka ngazi zenye utelezi?"

"Taratibu. Hilo ndilo neno letu. Pole ni mali ya serikali, haitumiki ovyo."

"Basi kwetu mtu huyo tunamwambia polepole. Ni neno moja! Halina rambirambi, halina kazi ya sulubu. Ni kwenda bila haraka, leo kidogo, kesho kidogo zaidi. Mlimuuliza Tabibu mkono tuufanye nini, naye akawajibu. Uendesheni polepole! Nami hospitali kwetu wameniambia hivyohivyo."

Waziri wa Mapumziko akacheka kwa pua. "Lugha ya wageni."

"Na Tabibu Mwasiti alikuwa mwenyeji?"

Jaji akateleza kidogo kwenye mito yake, akajivuta. Akasema maelezo hayo ni mazuri lakini ni ya mshtakiwa, na mshtakiwa yeyote angependa maneno yaelemee upande wake. Yuko mtu yeyote aliyemsikia Tabibu mwenyewe kwa masikio yake?

"Niko mimi," akasema Bi Kazija.

Watu wote wakageuka kulitazama takia. Wakamwamkia Mheshimiwa, kwa mazoea.

"Tazameni huku juu," akasema Bi Kazija. "Mimi ndiye ninayesema. Siku hiyo Tabibu alikuwa ameushika mkono wangu. Alikuwa anaukunja, anaukunjua, ananiambia nami nifanye. Watu wamejaa mlangoni wanamuuliza, akawajibu bila kugeuza uso. Hakuinama, wala hakuvuta pumzi. Na hakuwa na uso wa mtu anayetoa pole. Alikuwa anacheka, kwa sababu nilikuwa na pupa, nilitaka kufika juu siku hiyohiyo."

"Mbona miaka yote hii hukusema?" Jaji akauliza.

"Nani aliniuliza? Mlipokuja kwangu mliongea na mkono."

Nyuma, watumishi wa Idara ya Kukuna wakaanza kunong'ona watakula wapi kama kila mtu atajikuna mwenyewe, na Gharibu akawa anauangalia mkono wake uliofungwa bendeji kama mtu aliyeuona sasa hivi. Jaji akautazama ule mkono wa Bi Kazija, akamtazama na Bi Kazija. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama.

"Mkono wa Bi Siajabu," akasema hatimaye, "ni wa Bi Siajabu. Auendeshe polepole. Ondoeni sindano hiyo." Na akateleza kutoka kwenye mito mpaka chini, puu, na hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa yeye mwenyewe.

Siajabu akashika uso kwa mikono yote miwili akalia. Furaha ilimzidi, hakuwa na namna. Waziri, ambaye si mtu wa kuchelewa, alikuwa tayari amesimama kupendekeza iundwe Wizara ya Polepole, yenye waziri mzoefu, na hukumu kwa raia atakayefanya mazoezi haraka au kutofanya. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu Bi Kazija alikuwa ameuliza swali.

"Na wangu je?"

Kisha akaomba mkasi. Siajabu ndiye aliyekata, uzi mmoja mmoja, kwa uangalifu asije akamkwaruza ngozi. Takia likaanguka. Mkono ukabaki juu ya mapaja, mzito, umekufa ganzi. Bi Kazija akautazama, na hasira zikampanda hizo, hajapata kuzionyesha tangu ashonwe.

"Mwanangu alikuwa wa kunyonya," akasema. "Wa kunyonya! Na dawa ilikuwa neno moja, nao wakalikata katikati."

Siajabu akapiga magoti mbele yake. Hakumwambia anyamaze. Akangoja mpaka machozi yapungue, akamfuta kwa ncha ya kanga yake mwenyewe.

"Bi Kazija, mimi si daktari," akasema. "Kesho tutafute kitambaa cha kukubana vizuri, na apatikane mtu anayejua auangalie mkono huu. Leo ni ya kuanzia tu. Hatuinui kitu. Vuta pumzi iingie mpaka tumboni. Ehe. Iachie. Tena. Sasa fumba kiganja, halafu kifungue."

"Vidole havinisikii."

"Viambie tena."

"Juu!" akapiga kelele mtu wa Jiwe, kwa mazoea. "Inua, mama, inua!"

"Mlazeni, ataumia!" wakajibu watu wa Mto, na mmoja akaja na takia kifuani.

"Nyamazeni wote!" akasema Bi Kazija, na sauti yake ikagonga kuta. "Rudi nyuma na mto wako. Nawe koma. Mkinisaidia tena nitawatoa macho kwa huu wa kushoto."

Walijazana pale, hawana la kufunga wala la kukuna, wanautazama mkono wa mama mmoja juu ya mapaja yake. Jasho likamtoka Bi Kazija kwenye paji la uso. Muda ukapita mrefu, hakuna kilichotokea, na hakuna aliyeondoka.

Kidole cha shahada ndicho kilichotangulia.